Jinsi ya kujua kabati la zamani ni kazi ya mkono au ya mashine

Kwanza usianze na mbele jamani, mbele ndo panapigwa msasa na vanishi mpaka kila kitu kinafichika. Chomoa droo, igeuze, halafu chukua tochi umulike kwa ubavu, mwanga upite juu ya mbao, hapo alama zote zinajitokeza.

Angalia kwenye kona, pale ubavu wa droo unapokutana na uso wake, utaona meno yameingiliana kama vidole. Kama moja nene lingine jembamba, na bado kuna kamstari fundi alikochora kabla hajakata, hiyo ni mkono. Yakiwa yote sawa kabisa upana na nafasi, hiyo mashine. Mi hii alama naiamini kuliko zote.

Sasa pitisha kiganja chini ya droo. Randa ya mkono inaacha vibonde vidogo unavisikia kabisa kwenye vidole, msumeno wa mkono unaacha mistari iliyonyooka, ila ukiona mistari imepinda kama upinde ujue ni msumeno wa duara, ule ulioenea viwandani karne ya 19.

Skrubu nazo zinasema. Za kabla ya miaka ya 1840 nyingi zina ncha butu, na ule mfereji wa bisibisi mara nyingi hauko katikati. Kichwa cha msalaba ni miaka ya 1930 kuja huku, lakini usikimbilie kuhukumu, huenda mtu alirekebisha bawaba tu, tafuta kama kuna matundu ya zamani pembeni.

Maua ya kuchonga, linganisha la kushoto na la kulia, mkono haurudii vilevile.

Na ukigundua ni mashine usilitupe! Kiti namba 14 cha Michael Thonet, fundi samani wa Vienna, Austria, 1859, ni cha kiwandani na ni kizuri mno: mbao inapigwa mvuke inalainika inakunjwa, vipande 6, skrubu 10, nati 2 basi, na viti 36 vikifunguliwa vinaenea kwenye kreti la mita moja ya ujazo, vinaunganishwa vikifika. Ukikutana na kiti cha mbao za kukunjwa kipindue, angalia chini ya kalio kama kuna stempu au lebo ya kiwanda, na kama kinayumba kaza skrubu kwanza kabla hujakimbilia gundi.