Ateri za moyo zinazochipuka pasipo pake: jinsi ninavyozisoma kwenye CT

Tukifungua picha za CT za moyo, yaani picha za mkato za eksirei zinazoundwa na kompyuta, macho hukimbilia kutafuta mshipa ulioziba. Mimi huanza na chanzo: pale ateri inapochipuka. Ateri iliyochipuka pasipo pake inaweza kuwa safi, bila hata chembe ya mafuta yaliyoganda, na bado ikamwangusha kijana uwanjani.

Hatua ya 1. Chagua picha tulivu zilizooanishwa na ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Mapigo yakiwa ya taratibu, anza na asilimia 75 hivi ya mzunguko wa moyo.

Hatua ya 2. Simama juu kidogo ya vali ya aota, mshipa mkuu utokao moyoni, uhesabu matundu ambamo ateri za moyo huanzia. Ukikosa la kushoto, usiandike kwamba halipo. Litafute upande wa kulia, halafu kwenye ateri ya mapafu. Hili la mwisho ni adimu sana, na kwa mtu mzima ateri ya kulia ndiyo humchongea: huwa nene na ya kujipindapinda, maana imebeba mzigo wa zote mbili.

Hatua ya 3. Fuata njia. Ikipita mbele ya ateri ya mapafu au nyuma ya aota, mara nyingi haina madhara. Kazi ipo inapopenya katikati ya hizo mbili. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika “kati ya aota na ateri ya mapafu”, daktari wa upasuaji akanipigia: mshipa ulikuwa ndani ya ukuta wa kati wa moyo. Kwenye picha za mkato wa mlalo njia hizi mbili hufanana kama mapacha. Geuza picha uzitazame kwa ubavu. Ule wa ukutani hushuka chini ya vali ya mapafu, ukazungukwa na misuli, kisha ukaibuka. Umelegea kama machela. Ule wa hatari, wa kati ya aota na ateri ya mapafu, hubaki juu ya vali, umebanwa.

Hatua ya 4. Kata mshipa kwa upana milimita chache tangu mdomoni, yaani kwenye tundu unapoanzia. Wa mviringo wenye mafuta pembeni, sawa. Uliobapa kama mpasuko, bila mafuta, huenda unapita ndani ya ukuta wa aota. Pima upana, kimo, na urefu hadi unapoanza kuwa mviringo.

Hatua ya 5. Kwenye ripoti taja ateri ipi, imetoka wapi, imepita wapi, mdomo ukoje. Ikiwa ni ya kushoto, imetoka kulia na imebanwa katikati, mpigie simu daktari aliyeagiza kipimo kabla hujatia sahihi.