Jinsi ya kurekodi simulizi ya mpiganaji wa Vita vya Kagera

Wapiganaji waliorudi Tabora na Kigoma mwaka 1979 sasa ni wazee, na swali ambalo wajukuu hupenda kuanza nalo, "Babu, uliogopa?", huua mazungumzo. Atajibu "Askari haogopi", basi. Baada ya shikamoo anzia ardhini: mlilala wapi, mbele palikuwa na nini, kulia kwako alikuwepo nani, maji mliyapata wapi.

Nenda ukijua mfuatano wa vita hivyo vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin: uvamizi wa majeshi ya Amin Oktoba 1978, kisha miji ambayo Watanzania waliiteka au kuipigania, Mutukula mpakani Januari 1979, Masaka Februari, Lukaya tarehe 10 na 11 Machi, Kampala 11 Aprili. Mzee akichanganya tarehe, usimsahihishe, utalinganisha nyumbani.

Lukaya itakupa kazi. Barabara ya pale inakatisha kinamasi. Brigedi ya 201 ya Tanzania, iliyojaa mgambo ambao wengi hawakuwa wamewahi kupigana, ilimiminiwa roketi. Nyingi zilipita juu ya vichwa, lakini mlio peke yake uliwatawanya. Wachache walibaki kinamasini kando ya barabara. Kesho yake Brigedi ya 208 ikashambulia kutoka ubavuni. Kwa hiyo mzee akisema "tulikimbia", usikimbilie kumfariji wala kubadili mada. Uliza nani alibaki.

Ushujaa wenyewe hujificha kwenye neno "tulimtoa". Simama hapo. Nani alishika miguu, nani mabega? Alibebwa kwa shuka au mgongoni? Nani alikuwa akipiga risasi kuwafunika? Bunduki ya majeruhi ilibaki kwa nani? Mara nyingi ndipo utagundua kwamba "sisi" alikuwa mtu mmoja, na huenda ndiye aliyeketi mbele yako. Akihamia Kinyamwezi au Kiha, mwache. Tafsiri baadaye na mtu wa ukoo.

Simu iwe kwenye hali ya ndege, shubiri mbili au tatu kutoka mdomoni, juu ya kitambaa ili meza isigonge. Jaribu dakika moja, usikilize. Kati ya Novemba na Aprili epuka alasiri chini ya bati: mvua ikianza, hutasikia kitu. Saa moja inatosha kwa siku.

Usirushe sauti kwenye makundi ya WhatsApp. Huenda familia ya marehemu haijui alivyokufa. Majina ya waliokufa yaandike daftarini palepale, herufi kwa herufi, pamoja na wilaya ya kila mmoja, kisha msomee mzee ahakikishe.