Fungua Boksi Siku Ileile: Kununua Gitaa la Besi Uingereza kwa Ajili ya Nyumbani

Ndugu zangu mnaoishi Uingereza, ambao kila mwaka mnaagizwa ala na vikundi vya Unguja na Pemba, nawaomba jambo moja kabla ya mengine yote: gitaa la besi likifika mlangoni kwenu, lifungueni siku ileile, lipigeni, na mlipige picha. Mimi sikulifungua. Vijana wa Wete walikosa besi yao, nami nikapoteza pauni 420.

Mpwa wangu hupiga besi katika kikundi cha taarab, na aliniomba gitaa jipya la kwenye boksi. Nililiagiza mwezi wa Novemba kutoka duka moja la mtandaoni, nikaliweka chumbani kando ya redieta, ambako lilikaa wiki saba likimngoja shangazi yangu aliyekuwa anasafiri mwishoni mwa Disemba. Kwetu mzigo wa mtu ni amana, na amana haifunguliwi. Isitoshe, mpwa wangu alikwisha kuniambia kwa simu, "Mjomba, selotepu usiikate, wenzangu waione." Lilipofunguliwa Wete mbele ya kikundi kizima, shingo ilikuwa imejisokota: upande wa uzi mwembamba umenyooka, upande wa uzi mnene umebinuka kurudi nyuma, na kuanzia freti ya kwanza hadi ya tano, yaani vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo, uzi ule ulikwaruza chuma badala ya kulia. Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma inayokazwa au kulegezwa ili kurekebisha shingo iliyopinda mbele au nyuma, lakini msokoto hauondolewi na fimbo hiyo.

Hapo ndipo nilipoijua sheria ambayo ningeijua mapema. Uingereza, bidhaa iliyonunuliwa kwa mbali, kama mtandaoni, inaweza kurudishwa bila sababu yoyote ukitoa taarifa ndani ya siku 14 tangu kuipokea. Zaidi ya hapo, sheria ya haki za mnunuzi ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kuikataa bidhaa yenye kasoro na kurudishiwa fedha zako zote. Siku 30 zikipita, duka lina haki ya kujaribu kwanza kuitengeneza au kuibadilisha, na ingawa ndani ya miezi sita kasoro huhesabiwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo, duka linaruhusiwa kuthibitisha vinginevyo. Nilipolalamika, wenye duka walinijibu kwa adabu kwamba mti ulikaushwa na joto la redieta, kisha ukavimba kwa unyevu wa kisiwani, na wakataka gitaa lirudi walikague. Kulirudisha kutoka Wete kungekula karibu nusu ya bei yake. Pengine walisema kweli, pengine shingo ilitoka kiwandani hivyo. Sikuwa na namna ya kuwajibu, kwa sababu sikuwa na picha hata moja ya siku lilipofika. Siku zile zinahesabiwa tangu mzigo unapofika mlangoni kwako Uingereza. Hazingoji ndege wala boti ya Mkoani, Pemba.

Na wapwa zetu na shangazi zetu huko nyumbani waelezwe kwa upole, maana wanatuagiza kwa mapenzi: boksi lisilokatwa si ushahidi wa uzima. Duka zuri la ala hulifungua boksi lenyewe kabla ya kuuza, fundi wake akanyoosha shingo na kushusha nyuzi, kisha likafungwa upya, kwa hiyo selotepu iliyokatwa mara nyingi ni alama kwamba kuna mtu aliyelitazama. Anayetaka kuona jipya na atazame freti, zisiwe na vijishimo chini ya nyuzi. Selotepu haipigi muziki.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji ufundi mkubwa. Ikiwa limetoka kwenye gari la baridi, liache saa chache ndani ya boksi lipate joto la nyumba. Lilinganishe sauti, kisha libebe kama bunduki, jicho likiwa upande wa kiwiliwili, utazame kingo mbili za shingo zikielekea kichwani: zikipishana, huo ni msokoto, lirudishe. Halafu bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na, kwa mkono wa pili, pale shingo inapoungana na kiwiliwili, uangalie nafasi iliyobaki juu ya freti ya saba. Nafasi ya unene wa kadi nyembamba, kiasi cha robo ya milimita au zaidi kidogo, ni sawa. Pasipo na nafasi kabisa, shingo imebinuka nyuma. Fanya hivyo kwa uzi mwembamba pia, kwa sababu kukagua uzi mmoja hakutaonyesha msokoto, na ndio ulioniumiza mimi. Piga kila freti ya kila uzi, tikisa waya wa amplifaya kwenye tundu lake usikie kama sauti inakatika, kisha rekodi video yenye tarehe. Rudia siku ya tatu.

Kuhusu aina, chagua kwa mkono wa mpigaji. Precision, ambayo kampuni ya Fender ya Marekani iliitoa mwaka 1951, ina shingo yenye upana wa kiasi cha milimita 41 pale nyuzi zinapoanzia. Jazz, ya mwaka 1960, ina milimita 38, na vidole vifupi huishukuru. Zote zina uzi wa urefu wa inchi 34, na kampuni nyingine hufuata vipimo hivyohivyo kwa bei nafuu. Kwa taarab ya kukaa na kusikiliza, ambayo besi yake ya asili ni ile kubwa ya kusimama, nyuzi zenye uso bapa huikaribia sauti ile kuliko nyuzi za kawaida. Gitaa lenye betri ya volti 9 ni zuri, lakini waya ukiachwa umechomekwa betri huisha bila kupigwa noti hata moja. Kwa kikundi cha shamba mimi hununua lisilo na betri. Amplifaya ya Uingereza inatumia umeme na plagi kama za kwetu. Ya Marekani ni ya volti 120 na itaungua.

Tangu mwaka 2021 hakuna tena kurudishiwa kodi ya VAT uwanja wa ndege ukiondoka na bidhaa mkononi kutoka Uingereza bara, kwa hiyo anayekuambia shangazi atarudishiwa pale Heathrow anakumbuka mambo ya zamani.

Nimewatazama Waingereza kwa miaka kumi na sita, na jambo moja wanatuzidi: kwao kurudisha bidhaa si ugomvi wala aibu. Mtu huingia dukani, hukaa saa nzima akijaribu magitaa manne, hutoka bila kununua, na muuzaji humshukuru. Sisi tuliolelewa kwa haya tunaona vibaya kumsumbua muuzaji, tunaona vibaya zaidi kumrudishia kitu chake. Lakini huruma yao imeandikwa kwenye karatasi yenye tarehe, na tarehe ikipita hakuna wa kumbembeleza. Muuzaji wa Darajani anayemjua baba yako atakusikiliza hata baada ya mwaka. Huku hakuna anayemjua baba yako.

Kwa safari, nunua kasha gumu, legeza nyuzi kiasi cha noti mbili, jaza nguo chini ya kichwa cha gitaa kisining'inie. Likifika, likae ndani ya kasha lake siku mbili kabla ya kukazwa, lisiegemezwe ukutani wakati wa masika, na nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupigwa, kwani chumvi ya bahari huzila.

Gitaa la pili nililinunua mwaka uliofuata, nikalifungulia sakafuni jioni ileile lilipoletwa. Nilimpigia mpwa wangu simu ya video, nikabonyeza freti moja baada ya nyingine, uzi baada ya uzi, naye akisikiliza kutoka Wete. Kwenye freti ya kumi na moja alinisimamisha, "Hiyo rudia, mjomba." Nikarudia mara tatu mpaka akaridhika.