Kufunga upinde wa kwanza kwa vipande vya kununua

Ukijiandaa kununua vipande vya upinde wako wa kwanza wa kulenga shabaha, weka fedha nyingi kwenye mpini na kidogo kwenye mabawa. Mpini, yaani sehemu ya katikati unayoishika, utakaa nao miaka. Mabawa, vile vipande viwili vinavyopinda juu na chini, utayabadilisha kadiri mgongo unavyopata nguvu. Hapo ndipo wanaoanza hudanganyika. Wanataka mabawa ya ratili 36, yaani nguvu inayohitajika kuyavuta, kwa kuwa yanarusha mbali, kumbe mwili uko busy kupambana na uzito na haujifunzi kutulia. Chukua ratili 20 hadi 24. Nimewaona watu wenye jicho zuri sana wakiuacha mchezo huu kwa sababu ya bega, na iliniuma, maana ilikuwa rahisi kuepuka.

Upinde ninaousema ni ule ambao ncha za mabawa yake zimejikunja kwenda mbele. Ndio uliotumika kwenye Olimpiki tangu mchezo uliporudishwa Munich mwaka 1972 hadi Paris 2024. Wanaoshindana huko hulenga kutoka mita 70, shabaha ina kipenyo cha sentimita 122, na duara la alama 10 ni sentimita 12.2 tu. Vipande vyake vingi hufuata mfumo mmoja wa kuunganisha uitwao ILF, kwa hiyo mpini wa kiwanda hiki hupokea mabawa ya kiwanda kile. Soma maelezo kabla hujalipa, kwa sababu upo pia mfumo wa Formula wa kampuni ya Hoyt, na huo hauingiliani na ILF.

Kuhusu urefu: simama, nyoosha mikono pande zote mbili, pima kwa inchi kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kingine, kisha gawanya kwa 2.5. Mikono ikiwa na inchi 70, mvuto wako, yaani umbali unaoivuta kamba, ni kama inchi 28. Mtu wa mvuto huo hutoshwa na upinde wa inchi 68, yaani mpini wa inchi 25 na mabawa ya kati. Mabawa mafupi kwenye mpini huohuo hukupa 66, marefu hukupa 70. Ratili zilizoandikwa kwenye bawa zimepimwa kwa mvuto wa inchi 28. Mvuto wako ukizidi au ukipungua kwa inchi moja, hesabu tofauti ya ratili 2 hivi.

Upote, yaani kamba ya upinde, huuzwa kwa urefu wa upinde wenyewe, kwa hiyo agiza wa upinde wa inchi 68 na usishangae ukiupima ukaona ni mfupi kuliko hapo. Ongeza kiegemeo cha mshale, kitufe chenye springi cha kusukuma mshale pembeni, kamba maalumu ya kuvishia upote, rula ya umbo la T, alenki za saizi kadhaa, kinga ya mkono na ya vidole. Mishale iwe mirefu kuliko mvuto wako kwa inchi moja au mbili. Mshale mfupi unaweza kurudi nyuma ya kiegemeo na kukudhuru mkono.

Kabla ya kufunga chochote, kagua. Chukua kipande cha pamba ukipitishe taratibu kwenye kingo za kila bawa, halafu kwenye kila mshale wa kaboni. Pamba ikinasa nyuzi zake mahali, pana ufa hapo, na kifaa hicho kirudishwe dukani. Usikione huruma.

Kufunga kwenyewe ni kwepesi. Bawa lenye maandishi ya ratili kwa kawaida ni la chini. Sukuma shina lake kwenye mfuko wa mpini mpaka lisikike likikaa, kisha fanya vivyo hivyo juu. Vaa kitanzi kikubwa cha upote kwenye bawa la juu na kidogo kwenye la chini. Sasa tumia kamba ya kuvishia: kanyaga katikati yake, inua mpini, na upote uteleze mpaka uingie kwenye mfereji wake. Wapo wanaokunja upinde kwa paja. Usifanye hivyo, bawa linaweza kupinda upande lisirudi.

Na jambo hili liwe sheria nyumbani kwako: upote usivutwe ukaachiwa bila mshale. Mshale ndio unaobeba nguvu iliyowekwa kwenye mabawa. Usipokuwepo, nguvu ile hurudi kwenye mabawa yenyewe, na yanaweza kupasuka mbele ya uso wako. Mwambie hivyo kila mgeni atakayeomba kuushika.

Kazi yenyewe inaanzia hapa, na hapa ndipo ninapopapenda. Laza upinde uliovishwa juu ya viti viwili, upote ukiwa juu, nawe simama kwenye ncha moja utazame kwa jicho moja. Bandika utepe wa karatasi kwenye kila bawa, karibu na mpini, uweke alama ya penseli katikati kabisa ya upana wake. Upote unatakiwa upite juu ya alama zote mbili na juu ya bolti zote mbili za mabawa. Ukiona unakata alama ya juu lakini ya chini imebaki kushoto kwa unene wa kucha, bawa la chini limekaa upande. Mipini mingi ina skrubu au vipande vyembamba vya chuma vya kulisogeza. Legeza upote kwanza, sogeza kidogo, visha tena, tazama tena. Usiharakishe. Upinde usionyooka hapa hautanyooshwa na kitu kingine chochote utakachofunga baadaye.

Kisha pima kutoka upote hadi tundu la kitufe kwenye mpini. Kwa upinde wa inchi 68, anzia kati ya 8½ na 8¾. Ukiwa chini ya hapo, vua upote uusokote mizunguko michache zaidi, utafupika na kipimo kitapanda. Pima pia umbali wa upote na kila bawa pale linapotokea kwenye mpini: juu pazidi chini kwa inchi ⅛ hivi. Hilo hurekebishwa kwa bolti, upote ukiwa umevuliwa.

Weka rula ya T kwenye kiegemeo na ufunge alama ya kupachikia mshale kwa uzi, inchi ⅜ hadi ½ juu ya mstari wa rula. Kitufe kisogeze mpaka ncha ya mshale ionekane imetoka kidogo tu upande wa kushoto wa upote, kama unavuta kwa mkono wa kulia. Springi yake iache katikati.

Sasa nenda uwanjani. Piga mishale mitatu yenye manyoya kutoka mita 18, halafu mmoja uliovuliwa manyoya. Huo usio na manyoya hausahihishwi na hewa, kwa hiyo huonyesha wazi upinde unafanya nini. Ukitua juu ya wenzake, alama yako ya kupachikia iko chini mno, ipandishe. Ukitua chini yao, ishushe. Kwa mvutaji wa mkono wa kulia, ukitua kushoto, mshale ni mgumu kwa upinde huo. Ukitua kulia, ni laini, kaza springi kidogo. Rekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, vinginevyo hutajua kilichosaidia ni kipi.

Andika vipimo vyote kwenye kadi ukaitia ndani ya podo. Upote mpya hutanuka katika mishale yake ya mwanzo, na kipimo cha 8½ kitashuka. Pima tena mwisho wa mazoezi, usokote upya, upake nta, na uurudie ule mshale usio na manyoya kabla ya kugusa skrubu yoyote.