Somo: Sayari na gari, neno moja

Mswahili akifika Muscat akasikia mtu anatafuta pa kuegesha sayyara, asitazame juu. Ni gari. Basi tulifuate neno hili hatua kwa hatua.

Hatua ya 1. Ondoa irabu, ubaki na mzizi: s-y-r, kwenda. Humo ndimo ilimotoka sira, mwenendo wa mtu. Angalizo: safari haimo. Ile ni s-f-r, na wengi huteleza hapa.

Hatua ya 2. Tazama y iliyokazwa. Kiarabu kikikaza herufi ya kati namna hii, mtendaji huwa amezidisha: sayyār ni mwendaji asiyetulia. Sisi hatukazi, tukabaki na "sayari".

Hatua ya 3. Fungua Surat Yusuf, aya ya 19: "wa jā'at sayyāratun". Wakaja wasafiri, wakamtuma mchota maji wao, naye akateremsha ndoo kisimani. Sayyara hapo ni watu wa njiani.

Hatua ya 4. Sasa panda juu. Wanafalaki wa kale waliona nyota nyingi hazibadilishani nafasi, wakaziita thawābit, ndugu wa "thabiti" yetu. Chache zilihamahama kati ya hizo: al-kawākib as-sayyāra. Jaribu mwenyewe. Mirihi ikionekana, chora ilipo na nyota zilizo jirani yake, kisha rudi baada ya wiki mbili. Utakuta imesogea.

Kiarabu cha leo huita sayari kawkab, na sayyara kimeipa gari. Sisi tumeshika ya angani, ya barabarani tumewaachia wenyewe.

MASWALI

— Shikamoo Ustadhi. Shuleni tulisoma Zebaki, baba husema Utaridi. Nani kakosea?

Marahaba. Hakuna aliyekosea. Utaridi ndilo jina la Kiarabu la sayari hiyo. Zebaki, zi'baq, ni yale madini ya majimaji ya kwenye kipimajoto. Mimi huandika Utaridi.

— Mshtarii na mshitiri wa dukani wana udugu?

Ni neno lile lile, mushtarī, mnunuzi. Usiniulize huko juu inanunua nini.

— Na Dunia je, nayo waliiita sayyara?

La. Walihesabu saba: Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Naam, Jua limo, maana nalo lilionekana likienda. Dunia walidhani imetulia katikati, na kisichokwenda utakiitaje sayyara?