Jinsi ya Kuotesha Waridi la Jangwani kwa Mbegu

Waridi la jangwani (Adenium obesum) ni kichaka cha asili cha vilima vikavu vyenye mawe, kuanzia ukanda wa Saheli hadi Afrika Mashariki na Bara Arabu. Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia jirani ambaye miche yake ilikuwa ikioza mmoja baada ya mwingine. Unahusu mbegu peke yake, kwa sababu kung'oa mmea kilimani ni kukiharibu kilima, na kipandikizi cha tawi, ingawa hushika, ni nadra kutoa shina lililotuna vizuri.

Hatua ya 1: Kukusanya mbegu
Maganda hutoka mawili mawili, yametanuka kama pembe. Yazungushie uzi kabla hayajapasuka, kwani kila mbegu ina shungi la nywele katika ncha zote mbili na upepo huipeperusha mara moja. Vaa glavu: utomvu wake una sumu inayodhuru moyo, na Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi huutumia kwenye mishale ya kuwindia.

Hatua ya 2: Kusia
Changanya mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa na mboji kidogo. Laza mbegu, zifunike kwa tabaka jembamba, kisha weka chombo penye joto na mwanga. Mbegu zilizokomaa na kuvunwa karibuni huchomoza ndani ya wiki moja hivi.

Hatua ya 3: Kumwagilia
Hapa ndipo miche mingi hufia. Mmea wenye kiu na mmea unaooza hufanana mno: yote miwili hupata majani ya njano na shina laini, na mkulima mwenye huruma huongeza maji, akamalizia ule uliokuwa ukioza. Kabla ya kugusa kopo la maji, chomeka kijiti hadi chini ya chungu. Kikitoka kikavu na shina limekunjamana, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye tundu. Kikitoka na unyevu ilhali shina linabonyea kwenye usawa wa udongo, ng'oa mche siku hiyo hiyo, kata sehemu yote ya rangi ya kahawia kwa kisu safi mpaka ubaki mnofu mweupe, uache kivulini hadi kidonda kikauke kabisa, ndipo uupande tena kwenye mchanga mkavu. Usichukulie kupukutika kwa majani majira ya baridi au ya kiangazi kuwa ugonjwa. Mmea umepumzika, na wakati huo maji yapunguzwe sana. Mimi hutumia vyungu vya udongo tu, kwa kuwa vya plastiki huhifadhi unyevu kwa muda mrefu mno.

Hatua ya 4: Kuhamisha
Mche ukishabanana na chungu, uhamishe ukiwa umeuinua kidogo kuliko awali, ili sehemu ya juu ya mizizi minene ionekane. Usimwagilie kwa siku kadhaa, mpaka mizizi iliyochubuka ipone.