Kabla ya Kuamua Kupunguza Matiti kwa Upasuaji

Mwanamke mwenye matiti mazito mara nyingi hufika kwa daktari akiwa amechoshwa na mambo mawili kwa pamoja: maumivu ya shingo, mabega na mgongo, na macho ya watu. Mambo haya yameishi naye muda mrefu hata hawezi tena kusema lipi linamsukuma zaidi. Ninamshauri ayatenganishe kabla ya kutafuta tarehe ya upasuaji, kwa sababu upasuaji huondoa uzito, na wanawake wengi waliofanyiwa kwa sababu ya uzito huridhika sana, ilhali anayetaka kumnyamazisha shangazi, mchumba au vijana wa kijiweni anaweza kutoka hospitali na makovu na bado akayakuta maneno yale yale.

Njia rahisi ya kutenganisha ni kuandika. Kwa wiki sita hivi, andika kila jioni mahali palipouma, ulichokuwa unafanya, dawa ya maumivu uliyomeza, na kazi uliyoiacha kwa sababu ya matiti. Nilimfanyia hivyo mdogo wangu, ambaye kila asubuhi, katika joto la Dar es Salaam, alikunja kipande cha khanga mara nne na kukiweka chini ya kila mkanda wa sidiria, kisha akatandika kitambaa cha pamba chini ya matiti kupokea jasho. Jioni alipovua, mabegani palikuwa na mifereji miwili ambayo kidole changu kililala ndani yake bila kuchomoza. Hakuwahi kuhesabu hayo kuwa maradhi. Daftari ndilo lililoonyesha kwamba alikuwa akiswali ameketi kwa sababu kuinuka kutoka kwenye sijida kulimuuma, na kwamba fangasi wa chini ya matiti walirudi kila alipomaliza dawa. Daktari alilisoma daftari lile lote kabla ya kuuliza swali lolote.

Wakati ukiandika, jaribu yasiyohitaji kisu. Pimwa na mtu anayejua kuchagua sidiria, kwa kuwa wengi wetu huvaa yenye mzunguko mpana kupita kiasi, na hapo mzigo wote huangukia mabegani. Muone mtaalamu wa fiziotherapia, na tibu upele. Kupungua mwili kunaweza kusaidia ikiwa sehemu kubwa ya titi ni mafuta, lakini penye tezi nyingi titi hubaki karibu vile vile, na mwanamke asilaumiwe kwa hilo. Ikiwa unapungua au unaongezeka, madaktari wengi watataka uzito wako utulie kwa miezi kadhaa kwanza.

Suala la uzazi ninaomba lisisomwe haraka. Binti ambaye matiti yake bado yanakua ni vyema asubiri mpaka ukubwa usibadilike kwa mwaka mmoja hivi, isipokuwa mateso yawe makubwa. Aliyetoka kunyonyesha asubiri miezi michache baada ya maziwa kukauka. Na anayetarajia kuzaa ajue mambo mawili: mimba inaweza kuyakuza matiti tena, na upasuaji hukata baadhi ya mirija ya maziwa. Kwa kawaida chuchu huachwa imeshikamana na kishina cha nyama chenye mishipa ya damu na ya fahamu, kisha hupandishwa mahali papya. Aliyefanyiwa hivyo anaweza kunyonyesha, ingawa huenda maziwa yasitoshe bila nyongeza. Matiti yakiwa makubwa mno, daktari anaweza kulazimika kuitoa chuchu kabisa na kuipandikiza upya, na hapo kunyonyesha hakutawezekana na hisia nyingi hupotea. Uliza waziwazi ni njia ipi iliyokusudiwa kwako, na kama jibu halikuridhishi na bado unatamani mtoto, kusubiri si woga.

Jambo la pili la kulikazia macho ni makovu. Yapo, na hayafutiki. Mara nyingi moja huzunguka sehemu nyeusi ya chuchu, moja hushuka wima, na jingine hufuata mkunjo wa chini ya titi, hivyo kwa pamoja hufanana na nanga. Hukomaa kwa mwaka mmoja au zaidi. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna hatari kubwa zaidi ya keloidi, yaani kovu linaloota na kuvuka mpaka wa jeraha, kwa hiyo simama mbele ya kioo ukague kovu la chanjo ya mkononi, matundu ya hereni, na kovu la upasuaji wa uzazi kama unalo. Likiwepo lililovimba, mwonyeshe daktari, na omba kuona picha za wagonjwa wake wenye ngozi kama yako.

Upasuaji wenyewe huchukua saa mbili hadi nne chini ya nusukaputi. Unaweza kuleta damu kuvuja ndani, maambukizi, kidonda kuchelewa kufunga, matiti kutolingana, ganzi ya chuchu, na mara chache chuchu kufa kwa kukosa damu. Uvutaji wa sigara na kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari hizo. Taja kila dawa unayotumia, mitishamba ikiwemo, maana baadhi huzuia damu kuganda. Ukiwa na miaka 40 au zaidi, au kama kuna saratani ya matiti katika ukoo, zungumzia mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, kabla ya kupasuliwa, na uliza kama nyama itakayotolewa itapimwa maabara.

Mtafute daktari bingwa wa upasuaji rekebishi. Hospitali kubwa za umma kama Muhimbili na Kenyatta zina wataalamu hao, na usajili wa daktari unaweza kuthibitishwa katika Baraza la Madaktari Tanganyika, au kwa Kenya katika baraza la madaktari la huko. Kliniki ya kwanza tuliyoiendea ilitupa bei na tarehe kabla ya mtu yeyote kumpima mdogo wangu. Tuliondoka, na mpaka leo nashukuru tuliondoka. Daktari makini hupima, hupiga picha, na hakupi ahadi ya saizi fulani ya sidiria. Ukitegemea bima, pata jibu la maandishi, kwa sababu upasuaji huu unaweza kuhesabiwa kuwa wa urembo, na hapo ndipo daftari lako hukutetea.

Mwisho, pigia hesabu nyumba yako. Kazi ya mezani inaweza kurudiwa baada ya wiki mbili au tatu, lakini kwa wiki sita hivi hutabeba ndoo, hutatwanga wala kumbeba mtoto mzito mgongoni. Zungumza na mumeo, mama au dada mapema, mkiwataja kwa majina watakaochota maji, watakaopika na watakaokusindikiza kubadilisha bandeji. Fomu ya ridhaa utaisaini wewe, na unaruhusiwa kubadili nia hata asubuhi ya siku yenyewe.